Maisha Yakibadilika Bila Kubisha Hodi

Sikio langu la kushoto lilizima ghafla na halikurudi tena. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia nishukuru Mungu, ni sikio moja tu. Maneno mazuri, lakini hayakunipunguzia kitu. Nafuu niliipata nilipohamisha kiti.

Nasema kiti chenyewe, cha mezani. Ukipoteza kazi, mwenza au afya, unatamani moyo utulie kwanza ndipo upange maisha. Mimi nashauri uanze na mipango. Moyo utakuja nyuma kwa mwendo wake.

Anza kwa kutaja kilichoondoka, kwa ukubwa wake halisi. "Maisha yangu yameharibika" haikupi pa kuanzia. Mimi niliandika hivi: sinong'onezwi kushoto. Sijui sauti inatoka wapi, kwa kuwa ubongo hutambua upande kwa kulinganisha sauti ilivyofika kwenye sikio moja na jingine. Penye watu wengi, maneno yananichanganyikia. Basi. Kuimba bado naimba, simu bado napokea, kwa sikio la kulia. Karatasi yako huenda ikawa ndefu kuliko yangu, ila angalau utajua unapambana na nini.

Halafu kila kilichoandikwa kitafutie jambo la kufanya kwa mikono. Mezani nakaa pembeni kabisa, ukuta kushoto kwangu, ili kila anayesema awe upande unaosikia. Kwenye kwaya nimehamia mwisho wa mstari, wenzangu wote wakiwa kulia. Barabarani siamini honi. Nageuza shingo pande zote, kisha nageuza tena. Ni vitu vidogo hadi aibu kuvitaja, lakini kila kimoja kilinirudishia mazungumzo au wimbo niliokuwa nimeshaanza kuukimbia.

Aliyeachishwa kazi naye ana viti vyake. Mshahara ni mgumu kuurudisha, sitakudanganya. Lakini kazi ilikuwa inakupa pia saa ya kuamka, mahali pa kwenda na watu wa kupiga nao soga mchana. Hivyo unaweza kuanza kuvirudisha wiki hii, kimoja kimoja.

Andaa sentensi moja ya kuwaambia watu. Yangu ni, "Sikio hili halisikii, njoo upande huu," na kabla sijamaliza nimeshamshika mtu mkono namzungusha. Usisimulie historia nzima. Wengi wanataka kusaidia ila hawajui washike wapi. Watasahau, hasa ndugu. Waambie tena yaleyale.

Huzuni nayo ipe nafasi, ila isiwe siku nzima. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza jinsi waliofiwa wanavyokwenda na kurudi kati ya kuomboleza na kushughulikia maisha mapya, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kuzoea kwenyewe. Naona inafaa hata pasipo kifo. Ukijisikia kulia, lia. Nguo zikijaa, fua.

Usijiwekee sharti la kurudi kama zamani. Kuna utafiti wa 1978 ambao watu huutaja wakidai kwamba walioshinda bahati nasibu na waliopooza kwa ajali huishia kuwa na furaha sawa. Utafiti wenyewe haukusema hivyo. Kwa furaha ya wakati ule, waliopooza walijipa wastani wa 2.96 kwenye kipimo cha 0 hadi 5. Watu wa kawaida waliolinganishwa nao, 3.82. Walikuwa chini, lakini juu ya katikati. Mimi hiyo hainivunji moyo hata kidogo. Inaniruhusu kuukosa unong'ono wa kushoto na bado nicheke mezani.

Ila kama huzuni, au kutopenda chochote, vinakushika karibu kila siku kwa wiki mbili, kuhamisha viti hakutatosha. Muone daktari au mshauri wa afya ya akili. Na ukiamka sikio moja likiwa kimya, usikubali kuambiwa ni uchafu tu, litazibuka lenyewe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana matibabu husaidia zaidi yakianza mapema.