Anza na kiti cha kushoto: namna ya kuingia mbio za magari ukiwa Nairobi

Karibu kila Jumamosi kijana mmoja huja kwenye gereji ya kaka yangu, Kariobangi Light Industries, na Subaru aliyoinunua kwa mkopo, akitaka iongezewe nguvu. Akisikia kwamba mimi ni mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva wa rali na kumsomea njia, swali huwa lile lile: "Dada, ninunue gari gani nianze kushindana?" Humjibu kwamba gari hununuliwa mwisho. Wengi hudhani nawakwepa. Siwakwepi. Nimeona vijana wenye kipaji wakimaliza akiba yote kwa gari ambalo halikuwahi kupita hata ukaguzi, na liliniuma kila mara. Kwa hivyo naieleza hapa njia niliyoipitia mimi na ambayo bado naiamini.

Kwanza, kando ya njia

Mbio za magari nchini husimamiwa na Kenya Motor Sports Federation, na mashindano yenyewe huandaliwa na vilabu. Kila klabu ina uhaba usiokwisha wa mashali, yaani watu wa kushika bendera, kuandika muda na kuzuia watoto na ng'ombe wasivuke. Jiunge na klabu, kisha jitolee. Hutaulizwa gari.

Mimi nilianzia Jamhuri Park siku ya otokrosi, mbio za kuzunguka njia fupi ya udongo, nikiwa na kofia ya baba na firimbi ya kuazima. Nilipewa kona moja, nikasimama hapo tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Dereva aliyeshangiliwa zaidi alikuwa yule aliyeingia akiteleza, mkia wa gari ukirusha udongo hadi kwenye kamba. Nilikuwa na saa mkononi, nikaona kwamba alikuwa akipoteza muda. Mwenye kasi ya kweli alipita kama mtu asiye na haraka: breki mapema gari likiwa limenyooka, mguu ukaachia, gari likageuka mara moja tu, halafu mafuta mpaka mwisho. Somo hilo sikulilipia hata shilingi. Uje na maji, kofia, viatu vya kufunika mguu na kitambaa cha kujifunga puani.

Ukishazoeleka hapo utaanza kujua ni nani anauza gari, ni fundi gani anaaminika, na ni dereva gani hana mwelekezi.

Kiti chenyewe

Huku kwetu usukani uko kulia, kwa hivyo mwelekezi hukaa kushoto. Ushindi wa Safari Rally wa 1965 hukumbukwa kwa jina la Joginder Singh na Volvo PV544, lakini ndani ya gari lile alikuwemo pia ndugu yake Jaswant. Ian Duncan aliposhinda 1994 na Toyota Celica, kando yake alikaa David Williamson. Hakuna rali inayoendeshwa na mtu mmoja.

Faida ya kiti hiki ni kwamba unaingia mashindanoni ukiwa na leseni, helmeti na mavazi yako tu, gari likiwa la mwenzako. Na unajifunza yote: kanuni, saa, matairi, mafuta, jinsi dereva mzuri anavyopumua kabla ya kuanza.

Kabla ya rali dereva na mwelekezi hupita kwenye njia kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza dereva anataja kona, mwelekezi anaandika. Mara ya pili mwelekezi anasoma, wanasahihisha. Kwa mtindo tunaoutumia sisi, kona hupewa namba: 1 ni ile ya kubana kabisa, 6 ni karibu kunyooka. Umbali baina ya kona huandikwa kwa mita. Ukurasa wangu husomeka hivi: "Shoto nne, hamsini, kilima, lia tatu, inabana, usikate, jiwe ndani."

Hilo la "shoto" na "lia" lina historia. Mwanzoni nilikuwa nasoma kushoto na kulia kwa ukamilifu, na mara mbili kaka yangu, ambaye ndiye dereva wangu, nusura ageuze upande usio wake. Tulilijadili jioni moja gereji kwa chai, tukagundua kwamba maneno yote mawili yanaanza na "ku", na kwenye kelele za injini na mawe yanayopiga sakafu, mwanzo wa neno ndio unaomfikia dereva. Tukaukata. Wengi hapa Nairobi husoma kwa Kiingereza, na si vibaya, lakini mimi nikiwa na hofu Kiswahili ndicho kinachonitoka kwanza.

Kazi ya pili ya mwelekezi ni saa. Katika rali yangu ya kwanza, upande wa Machakos, nilihesabu vibaya nikapeleka kadi ya muda, ile inayoandikwa saa ya kufika kila kituo, mezani dakika moja kabla ya wakati wetu. Kuchelewa dakika moja ni adhabu ya sekunde 10. Kuwahi dakika moja ni adhabu ya dakika nzima. Kaka yangu alikuwa ametoka jasho mikondo miwili, yaani vipande vya njia vinavyopimwa kasi, akipata sekunde kumi na nane, nami nikamwaga sitini kwa kalamu. Hakusema neno mpaka tukafika Athi River, kisha akaniambia tu, "Mdogo wangu, saa ni yako, mimi siiangalii." Tangu siku hiyo huandika wakati wetu kwa namba kubwa kwenye utepe mbele ya kiti, na gari husimama kabla ya bango la njano, pale eneo la kituo cha muda linapoanza, hadi nitakapomwambia asogee.

Ukitaka kujaribu kabla hujapata leseni, chukua daftari la kurasa ngumu na penseli mbili, mwombe mtu mwenye gari akupeleke Barabara ya Magadi, kuanzia Kiserian kuteremka Corner Baridi, kwa mwendo halali kabisa. Andika kona zote. Wiki inayofuata msomee, ukitangulia kona mbili mbele. Utapotea, na ni vizuri ujue namna ya kujirudisha: nyamaza, tafuta alama unayoitambua, daraja au bango, uanzie hapo. Usibuni kona.

Kichwa na mabomba

Fedha yako ya kwanza iende kwenye helmeti. Ile ya bodaboda haikubaliwi, na sababu ipo. Tazama kibandiko kilichofichwa chini ya kitambaa cha ndani. Herufi M za Snell, taasisi inayopima helmeti, ni za pikipiki. SA ni za magari, na hizo hupimwa pia kwa moto. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, nayo ina alama yake, kama 8859. Mavazi ya kuzuia moto yawe na 8856, na kifaa cha kushikilia shingo kiwe na 8858. Viti na mikanda vina tarehe ya mwisho, kwa hivyo ukinunua vya mtumba soma tarehe kabla ya kutoa pesa, hata muuzaji awe rafiki yako.

Kuhusu keji, yale mabomba yanayokinga vichwa gari likibingiria, nitasimulia nilichoshuhudia. Kijana mmoja alileta gari lililopakwa rangi maridadi, keji ikiwa nyeupe inang'aa. Mkaguzi alikuwa mzee mpole aliyefunga miwani kwa kamba. Aliingiza kichwa, akagonga bomba kwa ukucha, akasikiliza, akagonga tena karibu na ulehemu. Kisha akatoa kaliperi ya kupimia unene.

"Mwanangu, hili ni bomba la nini?"

"La chuma, mzee."

"Ni la maji."

Kijana alikuwa ametozwa pesa nyingi na fundi aliyemhakikishia kwamba ni sawa. Gari lilirudi nyumbani juu ya lori. Ukitafuta wa kukuchomelea, muulize vipimo kabla hujataja bei. Kwa kanuni za FIA, tao kuu nyuma ya viti ni bomba lisilo na mshono, la chuma kilichovutwa kikiwa baridi, kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Fundi asiyezijua namba hizo usimpe gari, hata kama ulehemu wake ni mzuri kama ushanga. Hakikisha pia kuna sponji maalumu mahali helmeti inapoweza kugonga, na swichi ya kukata umeme yenye alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu, ili mashali asiyekujua aweze kuizima.

Jambo jingine ambalo watu hugundua wakiwa wamechelewa: bima ya kawaida ya gari haifidii ajali ya mashindano. Gari unaloendea kazini lisiwe gari unaloshindania.

Gari, sasa

Otokrosi ndiyo mahali pa kuanza kuendesha. Ni duara la udongo, unashindana na saa, na magari hugawanywa kwa madaraja, yenye magurudumu mawili yanayosukumwa na injini na yenye manne, yenye tabo (turbo) na yasiyo nayo. Hata watoto wana daraja lao. Chagua daraja la magurudumu mawili lisilo na tabo. Gari dogo la zamani, lililo imara, ambalo vipuri vyake vinapatikana Kirinyaga Road siku hiyo hiyo, litakufundisha kuliko lenye nguvu linalokufichia makosa. Weka kando theluthi moja ya bajeti kwa matairi na shokamzoba, na usiiguse kwa ajili ya injini. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa Athi, injini haitakusaidia kitu.

Watoto na wanaopenda lami waanzie kwenye kart, yale magari madogo ya mbio yasiyo na paa, Lang'ata Road au Whistling Morans upande wa Athi River. Mzazi anayeota Formula 1 ajue mapema kwamba leseni ya juu ya FIA kwa kawaida hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18 na kukusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu ya mbio za chini, na mbio zenye pointi hizo haziko Kenya. Itabidi mtoto ahamie ng'ambo.

Na barabara za mji si uwanja. Nimezika jirani niliyecheza naye Buruburu tukiwa watoto, aliyekuwa akishindana usiku kwenye bypass. Alikuwa na mikono mizuri sana. Kila nikimwona kijana na Subaru namkumbuka, na ndiyo maana sichoki kujibu swali lile.

Kutoka burudani hadi kazi

Wengi wanaoshindana hapa wana ajira au biashara nyingine inayolipia matairi. Lakini ngazi ipo, nayo FIA imeipanga kwa madaraja ya magari, kuanzia Rally5 ya chini hadi Rally1 ya juu. Safari Rally iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremy Wahome walikuwa kwenye Ford Fiesta za Rally3, na mwaka uliofuata Kimathi akaendesha Rally Sweden, kwenye theluji. Karan Patel na mwelekezi wake Tauseef Khan walitwaa ubingwa wa Afrika 2022 na tena 2023. Ukilinganisha na Kalle Rovanperä, aliyeshinda Safari 2022 akiwa na miaka 21, kumbuka kwamba akiwa na miaka 8 alikuwa tayari akiendesha, juu ya maziwa yaliyoganda ya Finland. Saa nyuma ya usukani hazina njia ya mkato.

Wafadhili huomba ushahidi. Tangu mashindano yako ya kwanza tunza matokeo rasmi, picha safi za ubavu wa gari, na hesabu ya kila shilingi. Barua yangu huwa ya ukurasa mmoja: sisi ni nani, tulimaliza mangapi kati ya tuliyoanza, nembo itakaa wapi, tunahitaji nini. Nikipewa matairi badala ya pesa nashukuru nayachukua. Huipeleka mwenyewe kwa mkono, Industrial Area, mwezi wa Oktoba, kabla kampuni hazijafunga bajeti ya mwaka unaofuata.