Kuitayarisha Programu Yako Iingie Debian

Sisi tunaoandika programu hapa Lamu, ambako bando huweza kuisha kabla ya kazi kwisha, tuna sababu ya kulielewa upesi sharti ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa: kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) cha hazina kuu ya Debian, mfumo endeshi huru wa kompyuta, hakiruhusiwi kutumia mtandao kinapojengwa, yaani msimbo unapogeuzwa kuwa programu. Programu yangu ya kukokotoa bamvua na maji mafu, yaani nyakati za maji makubwa na madogo ya bahari, ilikuwa ikijipakulia yenyewe maktaba zake (misimbo ya wengine inayoitegemea), nami nililazimika kuipanga upya. Kwa hiyo zima mtandao, jenga programu kutoka kwenye msimbo chanzo, na kila kinachokwama ukiandike katika orodha ya mahitaji. Usinakili maktaba za watu ndani ya msimbo wako, kwa kuwa kasoro ya usalama ikigunduliwa, watunzaji wa Debian, wanaofungasha programu, hutaka kurekebisha maktaba moja badala ya kusaka nakala zake katika kila programu.

Leseni ndiyo inayohitaji subira kubwa zaidi. Kagua kila faili, zikiwemo picha, fonti na data, kwa sababu Mwongozo wa Programu Huru wa Debian wa mwaka 1997 haukubali leseni inayobagua aina ya kazi. Jedwali la maji kujaa na kupwa lenye leseni inayokataza matumizi ya kibiashara lingemzuia nahodha anayevusha abiria kwenda Mokowe, ng'ambo ya Lamu, na hivyo haliwezi kuingia katika hazina kuu.

Amri yako ya kusakinisha iheshimu DESTDIR, kigezo kinachotaja saraka ya kusakinishia, maana mtunzaji huziweka faili kwanza katika saraka ya muda ndipo azifungashe. Toleo ulilokwisha kulitoa usilibadilishe kimyakimya. Toa jingine lenye namba mpya. Toleo la majaribio 2.0rc1 huhesabiwa na dpkg, zana ya Debian ya kusimamia vifurushi, kuwa jipya kuliko 2.0, ndiyo maana mtunzaji huliandika 2.0~rc1.

Saraka ya debian, yenye maelekezo ya kufungasha, kwa maoni yangu usiiweke ndani ya toleo lako, kwani mtunzaji ana yake. Ukiamua kufungasha mwenyewe, andaa ndani yake faili za control, changelog, copyright na rules, endesha dpkg-buildpackage inayojenga kifurushi, kisha lintian inayokikagua, usome kila onyo inalotoa. Baada ya hapo tafuta mdhamini mwenye haki ya kupakia vifurushi, na umjibu kwa utulivu kila atakalouliza.