Siga chungu? Ipapase kwanza kabla ya kuilaumu
Wanaoletewa siga huku Mtwara (ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku), msiihukumu kwa mvuto wa kwanza. Kabla ya kuikata ncha ya kuvutia, ipapase taratibu kwa vidole viwili toka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa laini na nzito kote, kosa ni la unyevu wetu wa bahari, msokotaji hana hatia. Siga hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na hewa ya pwani, hasa msimu wa mvua, huvuka hapo kirahisi: majani ya ndani yanavimba, hewa inapita kwa shida, moto unakula upande mmoja, nawe unavuta kwa nguvu hadi moshi unakuwa wa moto na mchungu. Ilaze siku mbili tatu kwenye chumba chenye kiyoyozi, ndani ya kasha la mbao, kisha ijaribu tena, ukivuta mara moja tu kila dakika. Ladha yake ya kweli ipo katikati.

Ukikuta donge gumu sehemu moja, hapo ni usokotaji mbaya, na kuilaza hakusaidii. Ikitoa harufu kali ya amonia, tumbaku haijaiva, inahitaji miezi. Ikilia kama jani kavu ukiipapasa, usiipeleke kabisa kwenye kiyoyozi, jani la nje litapasuka. Yenye ukungu wenye manyoya, tupa.