Msimu wa Embe: La Kula na la Kupika Jamu

Msimu mkubwa wa maembe Pwani huanza Novemba na kuishia Februari au Machi, na ukifika katikati bei huporomoka hadi majirani wanagawiana bure. Hapo ndipo watu hukumbuka jamu, tena wakiwa wamechelewa. Mazuri yameshaliwa, yamebaki yaliyopondeka na kuiva kupita kiasi, na ndiyo yanayotiwa sufuriani. Matokeo yake ni rojo tamu lisiloshika na lisilodumu. Fanya kinyume: lililoiva barabara lile, na la jamu liwe lile ambalo bado lina siku mbili tatu kuiva barabara.

La kula usilichague kwa rangi. Dodo laweza kuiva likiwa bado na ukijani, na lililoivishwa kwa dawa laweza kuwa la njano kote huku nyama iliyo karibu na kokwa ingali ngumu na chachu. Nusa penye kikonyo: embe lililoiva lenyewe linanukia. Kisha tazama mabega, yawe yamejaa na kuinuka kidogo kuzunguka kikonyo. Mabega yaliyolala ni dalili kwamba lilichumwa changa, na hilo hata ukilivundika litanywea tu. Kuvundika kwenyewe ni rahisi: funga kwenye magazeti pamoja na ndizi mbivu moja, weka mahali pakavu, kagua kila siku kuanzia siku ya tatu. Friji ni kwa embe lililokwisha kuiva. Bichi likipigwa na baridi huwa na madoa na haliivi vizuri tena.

Ukikata kikonyo, kiinamishe chini utomvu uishe, halafu osha embe kabla ya kulimenya. Mwembe na mkorosho ni jamaa moja, na utomvu wake huwatoa baadhi ya watu vipele mdomoni.

Sasa jamu. Inashika kwa vitu vitatu: pektini, yaani gundi ya asili iliyomo kwenye tunda, asidi, na sukari ya kutosha. Embe linavyoiva, pektini hulegea na asidi hupungua, ndiyo maana embe bivu peke yake linasumbua. Dawa yake ni kuchanganya na embe bichi lililokomaa, pamoja na ndimu. Kwa chupa nne za gramu 350 hivi andaa:

- nyama ya embe lililoiva ila bado gumu kidogo, gramu 750
- nyama ya embe bichi lililokomaa, gramu 250
- sukari nyeupe, gramu 750 (vikombe 4 kasoro robo)
- maji ya ndimu, vijiko 4 vya chakula
- maji, nusu kikombe na zaidi kidogo

Kilo 1 ya nyama hutoka kwenye maembe mazima ya kilo 1.7 hivi, zaidi kidogo kama kokwa ni kubwa. Embe lenye nyuzi lina ladha nzuri, ila lazima lipite kwenye chujio baada ya kuchemka.

Tumia sufuria pana, nzito, ya stili. Ya alumini huliwa na asidi na kuacha ladha ya chuma. Isijae zaidi ya nusu, kwa sababu jamu hupanda kama maziwa. Kama una mizani, pima sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake, utauhitaji baadaye.

Kata nyama vipande vidogo, tia maji na ndimu, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 mpaka embe bichi lipondeke kwa mwiko. Usitie sukari kabla ya hapo. Sukari ikiingia mapema hukaza vipande, na pektini haitoki vizuri. Baada ya hapo mimina sukari, koroga moto ukiwa bado mdogo hadi usisikie chenga chini ya mwiko, ndipo uongeze moto uchemke kwa nguvu. Wenye jiko la mkaa wawe na koleo karibu wapunguze makaa, maana hatua hii huunguza chini upesi. Vaa mikono mirefu. Jamu ya embe hurusha matone, na linalotua mkononi halitoki kirahisi.

Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Ukipika taratibu kwa saa nzima pektini huvunjika, jamu huwa nyeusi na haishiki, na hilo ndilo huwapata wanaopika kilo 5 kwa mkupuo. Bora upike mara mbili.

Kujua imeiva kuna njia tatu. Kipimajoto kisome nyuzi 104 hadi 105 ukiwa Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, ambako maji huchemka kwenye 94 hivi, ni kama 99. Mizani ioneshe kilo 1.35 hadi 1.4 ukitoa uzito wa sufuria. Au weka kisahani kwenye friza, dondoshea jamu, subiri dakika moja, isukume kwa kidole: ikijikunja juu kama ngozi, tayari. Unapojaribu, epua sufuria kwanza.

Chupa zichemshwe dakika 10 na kujazwa zingali moto, jamu ikiwa moto pia, ukiacha nafasi ya nusu sentimita juu. Futa mdomo wa chupa, funga, kisha zichemshe zikiwa zimezama kwa dakika 10, au 15 kwenye miinuko.

Usiihukumu kabla ya siku moja kupita, kwani huendelea kushika ikipoa. Ikibaki rojo, irudishe motoni kidogo kidogo na kijiko cha ndimu. Ikiota chenga, sukari ilizidi au haikuyeyuka kabla ya kuchemka. Ikiungua chini, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua. Ukungu ukitokea tupa chupa nzima, usichote juu tu.

Wanaotaka sukari ndogo wanaweza kushuka hadi gramu 500, ila hiyo itakuwa laini na ni ya friji, iliwe ndani ya wiki tatu. Ile ya kawaida hukaa mwaka mzima kabatini bila mwanga. Ikishafunguliwa, nayo iende kwenye friji, ichotwe kwa kijiko kikavu, si kwa kisu chenye siagi.