Somo: Umefunga throto mpya ya kopi na sailensa imeharibika? Anza hapa

Ndani ya mwezi mmoja zimeingia Toyota tatu gerejini kwetu hapa Kampala, zote zimebadilishwa throto (mlango wa hewa ya injini), zote zinaumwa ugonjwa mmoja: sailensa, yaani mizunguko ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta, iko juu. Ya mwisho ilikuwa Corolla ya mama mmoja anayepeleka watoto shule kutoka Nansana. Injini ikishapata moto, sindano ya geji ya mizunguko inaganda kwenye 1,600 kwa dakika wakati ilitakiwa ishuke mpaka 700 hivi. Akisimama kwenye taa za Jinja Road na gia iko D, gari inataka kwenda yenyewe, na mbele yake boda zimejazana. Alikuwa anakanyaga breki mpaka mguu unatetemeka. Aliniambia, "Fundi, hii gari itaniulia mtu." Ndiyo maana naandika.

Nilimuuliza throto ya zamani iko wapi. Fundi wa kwanza alishaiuza kama chuma chakavu. Ndugu zangu, throto ya zamani usiitupe wala usimwachie mtu. Ndiyo kipimo chako, na mara nyingi vali na sensa zake ni nzima kuliko za kopi.

Kwanza tuelewane. Sailensa ni hewa. Ukitoa mguu kwenye mafuta, kipepeo cha throto (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kinafunga, na injini inaishi kwa hewa kidogo inayopita pembeni kupitia vali ya sailensa. Kompyuta inaifungua na kuifunga vali hiyo ili mizunguko itulie. Kopi ikiruhusu hewa ipite mahali pengine, kompyuta inafunga vali mpaka mwisho na bado hewa inazidi. Hapo hata ubadilishe plagi zote, hupati kitu.

Kabla ya kufungua chochote. Angalia throto ya gari yako ni ya kebo au ya mota ya umeme. Usitegemee jina la injini, maana 1ZZ-FE zipo za kebo na zipo za mota. Fungua boneti: ukiona waya wa akseleta umevutwa mpaka kwenye throto, ni ya kebo. Halafu soma kodi za hitilafu za kompyuta kwa mashine. P0507 ni sailensa ya juu, P0506 ni ya chini, P0505 ni mfumo wenyewe wa sailensa, P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli. Ziandike kwenye karatasi kabla ya kuzifuta.

Legeza kebo. Ni dakika mbili tu. Kebo iwe na ulegevu kidogo mguu ukiwa juu. Kwenye kopi, mkono wa kushika kebo unaweza kutofautiana kidogo na wa orijino, na kebo ikabaki imevuta.

Tafuta hewa inayovuja. Hapa usiwe na haraka. Chukua chupa ya kupuliza, weka maji yenye sabuni kidogo, puliza kwenye gasketi ya throto, chini ya vali ya sailensa, na kwenye kila mpira mdogo. Mlio ukibadilika, umefika. Mafundi wengi hupuliza petroli. Tafadhali acheni: manifoldi ya ekzosi iko karibu na ina moto.

Tena jua gari yako inapimaje hewa, kwa sababu dalili hazifanani. Zenye sensa ya presha kwenye manifoldi ya hewa (bomba la kuingiza hewa kwenye injini), kama injini ya 5A-FE, hewa ikivuja zinaongeza petroli na sailensa inapanda. Zenye sensa ya kupima hewa karibu na chujio hazijui kwamba kuna hewa imeingia nyuma yake, kwa hiyo injini inakosa petroli, inatetemeka, inataka kuzima, na P0171 inakuja. Fundi anayetibu zote mbili kwa dawa moja atakula hela yako bure.

Na ile hali ya gari "kupumua", sindano inapanda 2,000, inashuka 1,000, inapanda tena? Kompyuta inaona kipepeo kimefungwa lakini mizunguko iko juu, kwa hiyo inakata petroli. Mizunguko ikishuka, inarudisha. Hewa ya ziada bado ipo, basi inapanda tena. Pampu ya petroli haina kosa hapo.

Toa throto, iweke mezani. Injini iwe baridi, maana kuna mipira miwili ya maji ya rejeta inayopita hapo. Sasa inyanyue uitazame dhidi ya taa, kipepeo kikiwa kimefunga. Orijino huonyesha uzi mwembamba wa mwanga pembeni. Kopi ya yule mama ilionyesha upande mmoja mwanga mnene kama mwezi wa siku mbili. Ndiyo 1,600 yake ile. Na gasketi chini ya vali ilikuwa imekatwa vibaya, tundu lake halikukaa sawasawa na tundu la throto.

Skurubu ya kusimamisha kipepeo. Kwenye orijino usiiguse, imepimwa kiwandani. Kwenye kopi nakubali, kwa utaratibu huu: irudishe nyuma mpaka kipepeo kifunge kabisa, izungushe mbele mpaka iguse mkono tu, kisha ongeza kidogo sana, isizidi robo ya mzunguko, ili kipepeo kisinate. Fungua na funga kwa kidole mara kumi. Kikinata hata mara moja, rudisha spea dukani. Kipepeo kinachonata kwenye barabara ya Masaka ni msiba.

Hamisha vali na sensa za zamani kama zipo na zinaingia. Vali ioshe kwa dawa ya kabureta, ikauke, weka gasketi mpya. Ukinunua vali ya Toyota iliyotumika, namba yake huanza na 22270. Sensa ya kipepeo ipime kwa mita: kipepeo kikiwa kimefunga, Toyota nyingi za kebo husoma kati ya volti 0.3 na 1.0, kikifunguka chote 3.2 hadi 4.9. Fungua polepole, namba ipande bila kuruka.

Rudisha, jaza maji, toa hewa, fundisha kompyuta. Hewa ikibaki kwenye njia ya maji, sehemu ya chini ya throto inabaki baridi, na kwa Toyota za zamani sailensa haitashuka. Toa kichwa hasi cha betri dakika tano, kirudishe, washa bila kugusa mafuta mpaka feni iwake mara mbili. Kisha washa AC, halafu taa, halafu weka D ukiwa umekanyaga breki.

Corolla ya yule mama nilirekebisha skurubu ya kipepeo kwa utaratibu huo, nikabadilisha gasketi, na vali nikapata iliyotumika kule Kisekka, kwenye maduka ya spea. Sailensa imekaa 720.

Maswali ya wanachama

*Kaka fundi, niko Kabale. Geji ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi ya hewa) inasoma inchi 14, kitabu kinasema 18 hadi 21. Nina liki?*
Hapana, ndugu. Kitabu kimepima usawa wa bahari. Kabale iko karibu mita 2,000 juu, na kila mita 300 inakula kama inchi moja ya geji. 14 kwenu ni nzuri. Hapa Kampala, mita 1,200 hivi, toa kama inchi 4. Angalia zaidi kama sindano imetulia au inacheza.

*Habari fundi. Nissan Tiida, Mbarara, throto ya mota. Nimefunga mpya, iko 1,300.*
Nissan lazima ifundishwe, mkuu. Injini iwe imepata moto, AC na taa vimezimwa, gia P. Washa swichi bila kustata, hesabu sekunde 3. Kanyaga mafuta mpaka chini na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini ushikilie kama sekunde 20, mpaka taa ya injini iache kumeta na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, stati, acha ijinyooshe. Ikigoma, rudia ukiwa na saa mkononi. Wengi wanakosea sekunde.

*Naweza kusukuma kipepeo cha mota kwa kidole nikisafisha?*
Swichi ikiwa imezimwa na plagi ya throto umeitoa, polepole, ndiyo. Swichi ikiwa imewashwa, usithubutu. Mota inaweza kukukata kidole. Na usisugue kwa brashi ya waya, kipepeo kina rangi maalumu ya kuzuia kunata.

*Fundi ssebo, ya kwangu ni sawa mpaka niwashe AC, ndipo inazima.*
Vali ya sailensa haifunguki vya kutosha. Itoe uizungushe kwa kidole. Ikiwa nzito, ioshe. Ikibaki nzito, imekufa.