Namna ya kupata nafasi ya utafiti chini ya mhadhiri wa chuo cha tiba

Mwanafunzi wa udaktari anayetaka kufanya utafiti kwa kawaida huanza kwa kusubiri tangazo. Hukagua ubao wa idara, hupitia makundi ya WhatsApp ya darasa, na asipoona kitu huhitimisha kwamba nafasi hazipo au wamekwisha kugawana wanaojuana. Nafasi nyingi za kufanya kazi na wahadhiri hazitangazwi kabisa, kwa sababu hazina jina wala posho: ni madodoso mia tatu ambayo hayajaingizwa kwenye kompyuta, ni sampuli zilizolala kwenye friza zikisubiri mtu wa kuzipanga upya, ni andiko la mradi lililokwama kwenye mapitio ya machapisho. Anayezipata ni yule aliyejua kazi gani inaendelea na akajitokeza kuifanya. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa tiba na sayansi za afya nchini Tanzania. Mifano mingi ni ya Muhimbili, ila hatua zenyewe hazibadiliki sana kwa aliyeko KCMC mjini Moshi au Bugando jijini Mwanza.

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba utafiti wa chuo cha tiba haukai wodini peke yake. Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963 na chuo kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kuna maabara, kuna skuli ya afya ya jamii, kuna Taasisi ya Tiba Asilia inayochunguza mitishamba, na kuna kliniki ambazo wagonjwa wake hufuatiliwa kwa miaka. Aidha, wahadhiri wengi hushirikiana na taasisi zilizo nje ya chuo. KCMC ina taasisi yake ya utafiti wa kitabibu. Mwanza kuna kituo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, ina tawi Bagamoyo lililoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Mhadhiri wako wa famakolojia anaweza kuwa mtafiti mwenza huko bila wewe kujua, kwa kuwa darasani anafundisha famakolojia tu.

Utajuaje? Kwa kusoma alichoandika. Ingiza jina la mhadhiri kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya machapisho ya tiba ambayo ni bure, kisha fungua machapisho yake matatu ya miaka ya karibuni. Yale yaliyofungwa yaulizie maktaba ya chuo, kwa kuwa vyuo vyetu vingi hupata majarida kupitia mpango wa Hinari ulioanza mwaka 2002. Usisome ikisiri ukaishia hapo. Chukua mfano wa utafiti wa Muhimbili kuhusu selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu) uliochapishwa mwaka 2011, ulioongozwa na Profesa Julie Makani. Wagonjwa 1,725 waliandikishwa kati ya mwaka 2004 na 2009, na vifo vilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, ukijumlisha miaka ya wagonjwa wote. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka 5 kiwango kilipanda hadi 7.3. Utafiti ulionyesha pia kwamba hemoglobini iliyo chini ya gramu 5 kwa desilita na bilirubini iliyo juu sana zilihusiana na hatari ya kufa. Mwanafunzi anayesoma kwa makini haishii kusema kazi ni nzuri. Huuliza nini kimebaki. Je, watoto wa chini ya miaka 5 wanaofika kliniki siku hizi wamegunduliwa wakiwa na umri gani? Wangapi wameanzishiwa dawa ya haidroksiurea, na wangapi kati yao wamerudi kuichukua mwezi uliofuata? Swali kama hilo la mwisho linajibika kwa mafaili yaliyopo, kwa muda wa likizo moja na nusu, na ndiyo saizi ya swali unayopaswa kwenda nayo. Swali la kugundua tiba ya selimundu liache kwanza.

Kuhusu uchaguzi wa mhadhiri, nina maoni ambayo wengine hawatayapenda. Usianze na profesa mwenye jina kubwa. Huyo ana miradi sita, ana safari, na barua yako itaangukia mikononi mwa mratibu wake. Anza na mhadhiri msaidizi au mhadhiri anayesomea uzamivu, au daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa ambaye anatakiwa kuandika tasnifu. Hao wana data mbichi, wana tarehe ya mwisho inayowakaba, na bado wanakumbuka kwa mikono yao wenyewe namna ya kusafisha data. Profesa utamfikia kupitia kwao, tena akiwa amekwisha kusikia jina lako.

Barua pepe ya kwanza ndiyo inayoharibu nafasi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nikiwa mwaka wa tatu niliandika barua moja nikaituma kwa wahadhiri kumi na mmoja, na katika mbili nilisahau kubadilisha jina. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba yeye siye niliyemtaja na kwamba hajawahi kufanya kazi ya figo. Wengine hawakujibu kabisa, na walikuwa na haki. Tangu nianze kukaa upande wa kuzipokea, naona kosa lile lile likijirudia, likiambatana na ule mwanzo tuliorithi kwenye barua za ofisini, «tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu», ambao unakula mstari mzima bila kusema lolote. Andika kwa heshima, kwa ufupi, na useme mambo manne tu: wewe ni nani, umesoma nini chake, unaweza kufanya nini, na una muda kiasi gani. Kwa mfano:

«Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Nimesoma chapisho lenu kuhusu watoto wenye selimundu wanaolazwa kwa homa, na nimeona kwenye mjadala mmeeleza kwamba majibu ya kuotesha damu hayakupatikana kwa baadhi yao. Ningependa kujua kama mnaendelea kukusanya majibu hayo. Ninajua kutumia Excel vizuri na nimeanza kujifunza R, programu ya takwimu. Naweza kutoa saa nane kwa wiki kuanzia sasa hadi mitihani, na wiki sita kamili wakati wa likizo. Kama kuna kazi ya kuingiza au kukagua data, niko tayari kuanzia hapo. Naomba nafasi ya kuja kuwaona kwa dakika 15 siku mtakayopanga.»

Wengi huiandika kwa Kiingereza, nayo si vibaya, mradi isizidi urefu huo. Ambatisha wasifu wa ukurasa mmoja. Asipojibu ndani ya siku kumi, mkumbushe mara moja tu. Akikaa kimya tena, nenda kwa katibu wa idara ukaulize siku yake ya kliniki na siku yake ya ofisini. Usimvizie mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hilo hutokea, na halijawahi kumsaidia mtu.

Ukipewa dakika zako 15, tumia nyingi kusikiliza. Uliza nani atakuwa anakuelekeza siku hadi siku, kwa kuwa mara nyingi siye aliyekukubali. Uliza kazi imekwisha kupata kibali cha maadili au bado. Uliza nauli na gharama za kuchapisha fomu zinatoka wapi, maana wanafunzi wengi wameona aibu kuuliza wakaishia kutoa fedha mfukoni mwao kwa muhula mzima. Na usiahidi saa ishirini kwa wiki ili kuonekana una bidii. Mhadhiri anajua ratiba yako kuliko unavyodhani.

Kazi ya kwanza itakuwa ya chini, na hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Tuseme umepewa jedwali lenye wagonjwa 400 ulikague. Mstari wa 37 una hemoglobini ya 112. Mtu hawezi kuwa na gramu 112 kwa desilita. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni 11.2 na nukta imerukwa. Mstari wa 90 una mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 45. Mstari wa 214 una tarehe ya kuzaliwa iliyo baada ya tarehe ya kulazwa. Kishawishi ni kurekebisha papo hapo, hasa ile nukta, kwa kuwa jibu linaonekana wazi. Usifanye hivyo. Nakili faili, acha la asili bila kuguswa, fungua daftari la marekebisho, kisha rudi kwenye fomu ya karatasi au faili la mgonjwa uone kilichoandikwa kwa kalamu. Huenda utakuta 11.2 kama ulivyodhani. Huenda pia utakuta kwamba kipimo kilitoka kwenye mashine inayotoa majibu kwa gramu kwa lita, ambako 112 ni sahihi kabisa, na kwamba wagonjwa wengine 30 wana tatizo hilo hilo ambalo hukuliona. Mwanafunzi anayeleta karatasi yenye mistari hiyo, chanzo cha kila kosa na pendekezo la kila rekebisho, kwa kawaida haombi tena kazi ya pili, huitwa.

Sehemu ya maadili inahitaji subira kuliko zote, na ndiyo inayovuruga ratiba za wasioijua. Utafiti wowote unaogusa watu, sampuli zao au mafaili yao lazima upate kibali kabla ya kukusanya data. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Utafiti wa mwanafunzi kwa kawaida hupitia kamati ya maadili ya chuo, kisha ruhusa ya hospitali au ya mkoa na wilaya utakakokwenda. Majaribio ya dawa au chanjo huhitaji pia kibali cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukikusanya data Unguja au Pemba, utapita kwa mamlaka za Zanzibar, kwani kibali cha Bara hakikutoshi. Na mwenzako aliyeko Kenya atahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia ya huko. Hesabu hatua hizi kwa miezi, wala si kwa wiki. Njia ya mkato iliyo halali ni moja: kuingia kwenye mradi ambao kibali chake bado kiko hai, jina lako likaongezwa kwa marekebisho rasmi. Swali lako la kwanza kwa mhadhiri, basi, liwe la namba ya kibali na tarehe yake ya kuisha. Mafaili ya wagonjwa nayo, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, si kitu cha kupiga picha kwa simu na kutumiana kwenye makundi. Ondoa majina, tumia namba, na orodha inayounganisha majina na namba ibaki kwa msimamizi.

Kuomba ridhaa ni ufundi unaofundishwa kwa kuonwa. Kwenye benchi la kliniki yuko mama aliyefika alfajiri, mtoto amelala mapajani. Mwanafunzi amevua koti jeupe, kwa sababu koti humfanya mama aone kwamba anaambiwa na daktari. «Shikamoo mama.» «Marahaba mwanangu.» «Mimi ni mwanafunzi, siye nitakayemtibu mtoto leo. Tunafanya utafiti kuhusu dawa za selimundu, na ningependa kukueleza, kisha uamue.» Mama anasikiliza hadi mwisho, halafu anauliza swali ambalo fomu yenye kurasa nne imelificha ukurasa wa tatu: «Nikikataa, mtoto ataonwa?» «Ataonwa vile vile, mama, na foleni yako iko pale pale.» Jibu hilo litoke haraka na bila kusitasita. Asiyejua kusoma atawekewa shahidi na ataweka dole gumba; aliyekataa ashukuriwe, na usimrudie kwa njia ya pembeni.

Suala la majina kwenye chapisho lizungumzwe mapema, kabla kazi haijawa na thamani ya kugombewa. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri: mchango wa kweli katika wazo, data au uchambuzi, kuandika au kurekebisha andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Kuingiza data peke yake hakukupi uandishi, kunakupa shukrani mwishoni mwa makala. Ukitaka jina, omba uandike sehemu: rasimu ya mbinu za utafiti, au jedwali la kwanza na maelezo yake. Mwulize msimamizi hivi, «Daktari, ni kazi gani nikiifanya vizuri ningestahili kuwa miongoni mwa waandishi?» Kwa lugha hiyo hakuna atakayekuona huna adabu, na jibu lake litakuonyesha pia umefika kwa mtu wa aina gani. Ukiona jina la mkuu fulani ambaye hajawahi kuliona hata jedwali limepachikwa juu, hutaliondoa ukiwa mwaka wa nne. Lakini weka kumbukumbu zako, na mradi ujao uchague kwingine.

Mwisho wa shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, nao unaweza kukupeleka mkoa ambao hukuutarajia. Kabla hujaondoka, kabidhi: faili la data la asili na lililosafishwa, daftari la marekebisho, programu ya uchambuzi yenye maelezo kwenye kila hatua, nakala ya kibali, na karatasi moja inayoeleza ni wapi umeishia na kipi bado kina shaka. Kwenye kompyuta yako binafsi futa kila chenye taarifa za wagonjwa, kisha mwandikie msimamizi kwamba umefuta, ukitaja tarehe.