Ranja akikusogelea ukiwa unavua na anahisi we ni jangili, fanya hivi

Elewa kitu kimoja kwanza, ranja, yaani afisa anayekagua wavuvi, akija pale ulipokaa na mshipi wako mara nyingi hajaamua bado kwamba we ni jangili, anakagua tu kama trafiki anavosimamisha magari. Ila kuna siku anakuja akiwa tayari ana wasiwasi na wewe, labda kuna mtu amepiga simu, labda amekuangalia kwa darubini kitambo na kuna kitu hakukielewa, na hapo ndo watu wasio na kosa lolote wanajiharibia kwa sababu wanaanza kujieleza mambo mengi, mikono haitulii, wanashika boksi la samaki wanafunga wanafungua, mwisho wanaonekana wana hatia wakati hawana. Msimamo wangu ni huu: karibu kila anachotaka kujua ranja kinaweza kujibiwa na kitu unachomuonyesha, kwahiyo onyesha zaidi na ongea kidogo.

Ili uwe na cha kuonyesha lazima ujiandae kabla hujatoka nyumbani. Soma kanuni za maji unayoenda kuvua, sio kanuni za uvuvi kwa ujumla, maana mto mmoja unaweza kuwa na sheria tofauti juu ya daraja na chini ya daraja. Angalia msimu umefunguliwa au la, urefu unaoruhusiwa, idadi kwa siku, fimbo ngapi, chambo gani, saa za kuvua, na mpaka wa eneo uko wapi hasa. Chukua mfano wa Uingereza, kule England mito inafungwa kuanzia tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni kwa samaki wa maji baridi wasio wa jamii ya samoni na trauti, lengo wapate kutaga kwa amani, na samoni na trauti wana tarehe zao zingine kabisa. Sasa mtu anayejua tu kwamba "msimu umefungwa" au "msimu uko wazi" bila kujua ni wa samaki gani anaweza kujikuta pabaya bila nia yoyote mbaya. Na leseni pia, hukohuko kijana wa miaka 13 hadi 16 anapewa bure lakini lazima awe nayo, yaani leseni ya bure bado ni leseni na usipokuwa nayo umekosea. Piga skrinshoti ya leseni yako na ya ukurasa wa kanuni uweke kwenye simu, alafu beba na karatasi kama unayo kwa sababu mtoni mtandao unakata na chaji inaisha, na sehemu zingine hawakubali picha ya simu kwahiyo hilo uliza mapema.

Kipimo cha samaki ndo kinachogombanisha watu kuliko kitu kingine chochote, ngoja nikieleze vizuri. Usipime kwa kukadiria na kiganja, na usipime na futi ya kitambaa ukaizungusha juu ya tumbo la samaki, maana tumbo limejaa kwahiyo futi inapanda mlima inashuka na unapata urefu ambao samaki hana. Unatakiwa ubao au rula iliyonyooka iliyolala chini, samaki analazwa juu yake kwa ubavu, pua inagusa ule ukuta wa mwanzo wa rula, mdomo umefungwa, alafu unasoma mwisho wa mkia. Na mkia wenyewe una mambo, kuna sehemu wanataka uubane ncha mbili zikutane ndo usome, kuna sehemu wanapima mpaka kwenye lile bonde la katikati ya mkia uliogawanyika, na tofauti kati ya njia hizo mbili kwa samaki mwenye mkia wa panda ni kubwa kuliko unavofikiria. Soma kanuni inasema ipi. Kitu kingine watu hawakijui ni kwamba samaki akishakufa na akakaa kwenye barafu anasinyaa kidogo, kwahiyo yule uliyempima asubuhi akawa sawasawa na kipimo, bila hata milimita ya ziada, jioni mbele ya ranja anaweza kuwa mfupi na hutakuwa na la kusema. Mwenye kipimo cha kubahatisha mrudishe majini mapema akiwa mzima. Kwenye maji yenye kipimo cha chini na cha juu kumbuka kwamba wale wakubwa wanalindwa kwa sababu ndo majike yanayotaga mayai mengi, kumtoa mmoja ni hasara kubwa kwa maji yale, na mi naona mvuvi anayependa maji yake hapaswi kusubiri ranja amwambie hilo.

Upande wa vifaa, kama kanuni inataka ndoano isiyo na ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha, ubonyeze na koleo mpaka ulale kabisa, alafu jipime mwenyewe: choma ndoano kwenye kitambaa cha pamba uivute, ikitoka bila kung'ang'ania nyuzi uko salama, ikishika bado haijalala. Samaki aliyenaswa ubavuni au mkiani badala ya mdomoni, sehemu nyingi hasa kwenye mito ya samoni hutakiwi kumchukua hata kama amenaswa kwa bahati mbaya, na ranja anajua kuangalia kidonda kiko wapi, kwahiyo mwachie.

Alafu kuna suala la samaki kuchanganywa. Mko watatu, mna boksi moja la barafu, samaki wote wamo humo, ranja anauliza wa nani ni wapi mnaanza kutazamana. Kila mtu awe na kamba yake au mfuko wake, hata kama ni ndugu wa damu. Usije ukasema "hao wawili ni wangu" ili kumuokoa mwenzako aliyezidisha, maana umejiongezea wewe idadi na umeshatoa maelezo ya uongo juu yake. Ukipewa samaki na mtu omba akuandikie kikaratasi, jina lake, tarehe, ni samaki gani na wangapi, namba ya leseni, asaini, kuna majimbo Marekani yanalazimisha hivyo na hata pasipolazimishwa kikaratasi kinakusaidia. Kuna pia kikomo cha wale unaomiliki kwa jumla, wakiwemo waliolala kwenye friza nyumbani, sio wa leo peke yake, hapo wengi wananaswa siku ya pili au ya tatu ya safari. Na usipasue minofu ukiwa bado majini au njiani kama kanuni haijaruhusu, mnofu hauna kichwa wala mkia, ranja atapimaje? Panaporuhusiwa mara nyingi wanataka uache kipande cha ngozi ili ijulikane ni samaki gani.

Haya, sasa amefika.

Ukimuona anakuja usifanye chochote kipya. Usirudishe samaki majini, usikate mshipi, usihamishe mfuko, usianze kutembea kwenda kwenye gari. Hili nalisisitiza kwa sababu mkono unajiendea wenyewe, mtu ana samaki mmoja ana wasiwasi na kipimo chake basi akiona yunifomu anamtupa. Kwa ranja huo ni ushahidi unaotupwa, na kama samaki alishakufa kuna sehemu kumtupa peke yake ni kosa la kupoteza samaki bure. Ulichonacho ndo ulichonacho, acha akikute hapohapo.

Msalimie wewe kwanza, "habari za kazi afande", mikono ikae mahali anapoiona. Kama una kisu kiunoni au kwenye boksi la vifaa mwambie kabla hajakiona, "afande nina kisu cha samaki hapa kushoto, nikiache au nikiweke chini?" Kumbuka hawa watu mara nyingi wako peke yao, mbali na msaada, wanakutana na watu wageni wote wana visu, kwahiyo akiwa mkali mwanzoni usilichukulie vibaya. Kama mshipi uko majini usiiachie fimbo tu, sema "naomba nivute mshipi kwanza", akikubali uvute taratibu. Ukiwa umekaa unakula na fimbo imeegemea jiwe ndoano iko majini, kisheria sehemu nyingi we unavua, usimwambie "sivui nimepumzika".

Kama hana yunifomu au huna uhakika naye, omba kitambulisho kwa heshima. Afisa wa kweli atakuonyesha. Na akitokea mtu anataka hela pale pale bila risiti, usitoe, na wewe usianzishe hiyo habari kamwe hata kama umekosea, maana unabadilisha kosa dogo la samaki kuwa kosa la rushwa.

Maswali yake yatakuja kama stori za kawaida. "Vipi leo wanakula?" "Umeanza saa ngapi?" "Umepata wangapi?" Ni stori lakini pia ni maswali, na mengine majibu yake anayo tayari. Kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, mwaka 2011, ranja alikuwa anamuangalia mvuvi kwa mbali na darubini akiwa kwenye gati la San Diego, akamuona anaweka kitu kwenye begi dogo jeusi ila hakuona ni nini, akamfuata akasimamisha gari lake mitaa michache mbele akamuuliza kama ana samaki, jamaa akasema hana. Begi likakutwa chini ya siti ya nyuma na ndani kuna kambakoche wakati msimu umefungwa. Mahakama ikasema ranja alikuwa na haki ya kusimamisha gari la mtu aliyemuona ametoka kuvua sasa hivi na kumtaka aonyeshe alichovua, hata kama hakuwa na sababu maalum ya kudhani amevunja sheria. Kwahiyo usijipe moyo kwamba ukishaingia kwenye gari umemaliza, na usimwambie mtu wa darubini kitu ambacho hakipo.

Jibu fupi na la kweli. Umepata wangapi, "wanne afande, hawa hapa", unafungua boksi. Huna haja ya kusimulia uliyemkosa, wala mwenzako wa jana alipata wangapi. Kama hukumbuki saa sema sikumbuki, usitunge. Akipima acha apime yeye, wewe angalia rula bila kugusa, na kama hamkubaliani muombe kwa upole apime tena na wewe upige picha ya samaki juu ya rula.

Sasa mpaka uko wapi. Leseni, vifaa na samaki, nchi nyingi unalazimika kuvionyesha ukiombwa na kukataa kwenyewe ni kosa. Lakini maswali yakigeuka kuwa ya kukutuhumu, "ulijua hapa pamefungwa si ndiyo?", "hawa unamuuzia nani?", hapo ni sehemu nyingine, na sehemu nyingi una haki ya kusema "afande nimekuonyesha kila kitu, ila hayo maswali naomba nijibu nikiwa na mwanasheria". Sema mara moja, sauti ya chini, alafu nyamaza kweli, sio unasema hivyo kisha unaendelea kuongea. Akitaka kupekua vitu visivyohusu uvuvi, simu yako au nyumba, uliza kama ana kibali cha mahakama na useme wazi kwamba hukubali, lakini usimzuie kwa mwili wala usimshike mkono, ubishi wa kisheria unafanyika mahakamani sio kwenye matope.

Ikitokea umekosea kweli, samaki mmoja mfupi kwa sentimita moja, ujue ranja wengi wana uwezo wa kukupa onyo badala ya faini, na wanaangalia kama samaki wengine wako sawa, kama una rula, kama umewatunza vizuri. Kubishana kwa kelele kunaondoa nafasi hiyo. Kosa likiwa kubwa, uvuvi wa nyavu haramu, idadi iliyozidi mno, samaki wa kulindwa, hapo usijitetee kwa mdomo kabisa, tafuta mwanasheria.

Akikuandikia hati ya kosa isome yote kabla ya kusaini, uliza saini inamaanisha nini, mara nyingi ni kukiri kwamba umepokea na utafika tarehe ile, sio kukiri kosa, ila hakikisha. Akichukua fimbo, samaki au boti dai orodha iliyoandikwa kitu kwa kitu, ikiwa na jina na namba yake. Akiondoka tu kaa chini uandike saa, mahali, alichouliza, ulichojibu, na majina ya waliokuwepo, maana baada ya wiki utakuwa umesahau nusu.

Hati hiyo usiipuuze hata kama faini ni ndogo. Marekani kuna makubaliano kati ya majimbo yaliyoanza 1989 na Colorado, Nevada na Oregon na sasa karibu majimbo yote yamo, ukifungiwa leseni jimbo moja kwa kosa la uvuvi au kwa kutojibu hati, majimbo mengine nayo yanaweza kukufungia. Kama huna kosa peleka skrinshoti zako, picha za rula na maandishi yako siku uliyopangiwa, na ukishinda nenda na ile orodha ukadai vifaa vyako mapema, kwa sababu ofisi zingine zina muda maalum wa kuvitunza na ukipita vinauzwa au vinateketezwa.